Mikono Ina Rangi

Watu wakitoka semina mnawajua: hawashikiki. Binti wa Fundi Tafadhali, afisa utumishi katika kampuni ya bima, alitoka kwenye semina ya siku tatu kuhusu malengo, na Jumapili iliyofuata akatua kwa wazazi wake na kalamu mpya, bahasha, na karatasi iliyopangwa namba moja hadi tano. Baba yake alikuwa amebakiza miezi kumi na moja atimize miaka sitini. Sasa, alisema binti, Baba ataandika mambo matano makubwa anayotaka kuyafanya kabla ya siku hiyo. Bahasha itafungwa kwa gundi, itakaa kabatini kwake, na itafunguliwa kwenye sherehe, mbele ya ndugu na marafiki.

"Na Mama je?" aliuliza Fundi, akitafuta pa kujificha.

"Mimi yangu nilishayamaliza," alisema mkewe huku akimenya vitunguu. "Nimebakiza kukaa tu."

"Yawe makubwa kweli, Baba," alisema binti. "Usiniandikie kwamba unataka kupaka geti rangi. Andika kitu ambacho hata wewe mwenyewe kinakutisha."

"Nitajaza nikishanawa," alisema Fundi. "Mikono ina rangi."

Mikono yake ilikuwa na rangi kweli, wala si ya siku ile tu. Alikuwa mchora mabango kwa zaidi ya miaka arobaini. Ukishuka stendi ukaenda hadi sokoni, ukapinda kwa vinyozi ukatokea hospitali, kila herufi uliyopita chini yake ilitoka kwenye brashi yake. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, imeezekwa kwa mabati aliyoyachora yakakosewa. Humo ndimo alimoingia na karatasi ile baada ya chakula, akarudishia mlango, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavuta mbele yake kopo la rangi ya buluu. Akanakili yaliyoandikwa ubavuni mwa kopo, mistari mitano, herufi zimenyooka utadhani zimepigwa chapa. Akalamba bahasha, akaifunga, akaenda kumkabidhi mwanawe. Binti akaibusu bahasha, akaondoka nayo.

Tuliseme lilivyo, maana kulizungushazungusha hakutalifanya dogo: Fundi Tafadhali, aliyeandika mji mzima, hakujua kusoma.

Aliachishwa shule wiki ya tatu ya darasa la kwanza, mama yake alipougua na wadogo zake wakawa hawana wa kuwashika. Alipokuwa kijana akapata kazi ya kubeba ngazi ya mchora mabango mmoja, na yule bwana akagundua kwamba mkono wa huyu kijana hautetemeki. Ukimwekea umbo mbele yake analitoa kama lilivyo. Hakuna aliyemuuliza kama anajua linasema nini. Herufi alizijua kwa majina yake mwenyewe: A ni ngazi, S ni nyoka, O ni sahani, B ni mama mjamzito. Mteja akileta karatasi ya mwandiko wa mkono, Fundi aliyafahamu mapindo na mikia yote, akajua hiki kidude kikikua kinakuwa ngazi na kile kinakuwa sahani. Alikuwa anachora maneno kama mtu anavyochora ng'ombe bila kumkamua.

Jina la Tafadhali alilipata kwa mwenye duka la viatu, aliyemletea karatasi: "Duka la viatu, herufi nyekundu tafadhali." Akachora yote. Mwenye duka alipoliona bango limeshapigiliwa misumari, alicheka mpaka akakaa chini. DUKA LA VIATU HERUFI NYEKUNDU TAFADHALI. Watu wakawa wanakuja kulitazama, na wakija wananunua ndala. Tangu hapo ikajulikana kwamba yule fundi ana utani, na mtu akishasifika kwa utani, hata akijikwaa watu wanapiga makofi. Kila alipokosea walicheka, naye akacheka nao, nusu sekunde nyuma yao.

Aliyejua ukweli ni mmoja tu, mkewe, ambaye mtaa ulimwita Bi Mkunga kwa kazi aliyoifanya hadi alipostaafu. Wiki ya pili ya ndoa yao aliitwa wodini ghafla, akaacha kikaratasi mezani. Aliporudi jioni alimkuta mumewe hajala, ana njaa ya kumtoa mtu roho, na ukutani limeegemezwa bango zuri la kijani, bado bichi: NIMEITWA KAZINI CHAKULA KIKO JIKONI. Fundi alidhani ni kazi imeletwa. Bi Mkunga alilitazama lile bango, akamtazama mumewe, akaelewa. Alipakua chakula, akala naye, na kesho yake akalitundika bango jikoni. Binti yao alikua akiliona hapo, akijua ni utani wa Baba.

Basi jioni ya Jumapili ile, binti alipokwisha kuondoka, Bi Mkunga aliingia karakana.

"Umeandika nini?"

"Sijui," alisema Fundi. "Nimetoa hapo kwenye kopo."

Bi Mkunga akavaa miwani, akaliinua kopo. Akasoma taratibu, kama anayesoma cheti cha mgonjwa. "Moja. Tikisa vizuri kabla ya kutumia."

Fundi akaweka brashi chini.

"Mbili. Weka mbali na watoto. Tatu. Hifadhi mahali pakavu." Hapo sauti ikaanza kumponyoka. "Nne. Usiweke karibu na moto. Tano..." Ikabidi ashike ukuta. "Tano, funga kifuniko ukishamaliza."

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka Bi Mkunga akaomba nafasi kwenye ndoo. "Mzee wa miaka sitini," alisema akijifuta machozi, "ahifadhiwe mahali pakavu. Si vibaya hata hivyo." Kisha kicheko kikawaishia, kama kinavyoisha, na wakabaki wanalitazama kopo.

"Ataisoma mbele ya watu wote," alisema Fundi.

"Watacheka. Si wamezoea? Watasema ni utani wako."

"Ndiyo." Alikuwa anakwangua rangi kwenye kucha. "Nimechoka kuwa na utani, mke wangu. Amesema niandike kitu kinachonitisha. Nifundishe kusoma. Nataka siku hiyo ifike nikiwa najua."

Mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa hashtuki ovyo. Alisema tu, "Kesho asubuhi, kabla ya chai. Na unawe mikono."

Kwa hiyo kila asubuhi, kuanzia kesho yake, walikaa mezani jikoni. Bi Mkunga alifundisha kwa njia pekee aliyoijua. Fundi akikwama katikati ya neno, jasho linamtoka, yeye alimshika bega na kumwambia, "Usilibane. Vuta pumzi. Kichwa kimeshatoka, bado miguu tu." Neno likitoka zima alisema, "Haya, limelia," wakaenda kwa jingine. La kwanza lilikuwa CHUMVI, lililoandikwa kwenye mkebe wa chumvi, na Fundi alitembea nalo siku nzima akilitafuna. Miezi mitatu yote alikuwa anachanganya nyoka na nyoka aliyegeuka, ambaye kumbe ni Z. Mwezi wa tano alisoma sentensi bila kutia kidole. Mwezi wa sita mji ukaanza kumsemesha.

Hilo hakulitarajia. Miaka yote mabango yalikuwa picha zake. Sasa kila kona ilikuwa na mdomo. KINYOZI. DAWA BARIDI. USIKOJOE HAPA. Alikuwa anatembea polepole kama mgeni, akijisomea kazi za mkono wake, roho nyeupe kabisa. Ndivyo alivyofika asubuhi moja mbele ya jengo ambamo watu waliokosa shule utotoni hufundishwa jioni. Bango lake lilikuwa juu ya mlango, la miaka minane, bado linang'aa. Akasimama chini yake na kulisoma. Akalisoma tena. Akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma mara ya tatu, herufi moja baada ya nyingine.

DARASA LA WATU WAZIMU.

Mwalimu wa darasa lile ana mwandiko wa kukimbilia. A yake ya mwisho ilifunguka juu kama u. Fundi alichora alichokiona. Miaka minane watu wazima wenye akili zao waliingia mlango ule wakitabasamu, naye akipita aliwapungia mkono akidhani wanaifurahia ile rangi ya chungwa.

Alirudi nyumbani akivuta miguu. "Ulijua?"

"Lile la darasa? Nilijua," alisema Bi Mkunga. "Nilitaka kukwambia, mwalimu mwenyewe akaniwahi. Alisema mume wako ana akili, waliokuwa wanaona haya kuja sasa wanaingia wanacheka. Ameapa haling'olewi."

"Kuna mengine?"

"Yapo. Lile la hospitali usilisome leo."

Akacheka, hata kununa kukamshinda. Lakini wazo lilikuwa limeshamwingia: ikiwa ubao wake mwenyewe ulimficha neno miaka minane, ni nini kingine hakukijua? Na alikijua cha kuanzia. Ndani ya kabati la chumbani kulikuwa na kopo tupu la rangi lenye barua za binti yake, za miaka minne aliyosoma shule ya bweni. Kila ilipofika barua Bi Mkunga aliisoma kwa sauti, Fundi akisikiliza mikono mapajani, kisha yeye mwenyewe aliikunja na kuitia kwenye kopo. Alizikariri karibu zote. Alidhani atazisoma kwa wepesi, kwa kuwa anajua zinasema nini.

Alichukua ya kwanza baada ya chakula cha mchana, akaketi kitandani. Salamu zilikuwa zilezile. Godoro jembamba, lipo. Mwalimu wa hesabu anayepiga chafya, yupo. Halafu, kabla ya "wasalimieni wote", palikuwa na mistari ambayo hakuwahi kuisikia. Aliisoma kwa kidole, maana macho yalikuwa yameanza kumsaliti.

"Baba, mbona huniandikii? Mama peke yake ndiye anaandika. Wenzangu baba zao wanawaandikia. Au ulinikasirikia kwa sababu nililia stendi? Niandikie hata mstari mmoja."

Akafungua ya pili. Ilikuwemo humo pia, kwa maneno mengine. Ya tatu. Ya nne. Katika ya tano mtoto alikuwa ameacha kuuliza.

Bi Mkunga alimkuta amezungukwa na karatasi kitanda kizima. Hakuhitaji kuambiwa. Akaketi pembeni.

"Uliyaruka," alisema Fundi.

"Niliyaruka."

"Yote."

"Ningekusomea, ungefanya nini?"

Fundi alifikiri. "Ningelia."

"Basi nililia mimi kwa ajili yako," alisema Bi Mkunga. "Nikamwandikia kwamba Baba ana kazi nyingi. Sijui kama nilifanya vizuri. Nilikuwa naona nikikusomea nitakuvunja, na nikimwambia yeye nitakuvunja vilevile." Akamshika mkono wake wenye rangi. Alikuwa anampenda mtu huyu tangu bango la kijani, na hakuwa na njia nyingine ya kulisema isipokuwa kumshika hivyo. "Nisamehe, Mzee."

Alimsamehe, walikaa hapo mpaka chai ikasahaulika jikoni. Ila kuanzia siku ile shabaha ilibadilika. Kusoma tu hakukumtosha tena. Alitaka mwanawe ajue kwamba hakuwahi kumkasirikia, alisikie jambo hilo kwa baba yake, kabla ya ile siku ya sitini kupita. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kusema hivyo ni kusema yote. Bango la viatu, bango la jikoni, kila kicheko cha miaka arobaini kingegeuka kuwa kosa la mtu asiyejua. Nani atampa kazi mchora mabango wa namna hiyo? Na binti, msomi wa watu, atamtazamaje? Bi Mkunga alijitolea kwenda kuiiba ile bahasha kabatini kwa mwanawe na kuweka nyingine. Fundi aliliwaza wazo hilo siku mbili nzima, sikufichi. Kisha akasema hapana.

Miezi iliyobaki alijifunza kuandika ya moyoni mwake, si ya kopo, na alikuta ni kazi nyingine kabisa. Barua moja ilimchukua wiki sita.

Siku ikafika. Sebule ilijaa, viti vya kuazima vikafika hadi karakana. Ndugu walikuwepo, majirani walikuwepo, mwenye duka la viatu alikuja na fimbo yake, mwalimu wa darasa la jioni akakaa karibu na keki. Fundi alikuwa ameamka alfajiri akasugua mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa limau, mpaka ikawa myekundu. Mwenye duka alipompa mkono alishangaa. "Leo Tafadhali umeoga," alisema, na watu wakacheka.

Keki ilipokwisha kukatwa, binti alisimama na bahasha. Alieleza habari za semina yake, kwa urefu, ndivyo alivyo. Akaichana bahasha. "Malengo matano ya Baba kabla ya sitini," alitangaza, akasoma. "Moja. Tikisa vizuri kabla ya..."

Nyumba ililipuka. Alipofika kwenye kuhifadhiwa mahali pakavu mwenye duka alikuwa anapiga fimbo sakafuni, na la kifuniko hakuna aliyelisikia, hata msomaji mwenyewe alikuwa hajiwezi. "Baba na utani wake," alisema binti akifuta macho. "Miezi kumi na moja nimekaa nayo kabatini, kumbe kopo la rangi."

Ilikuwa mahali pazuri pa kunyamaza. Kila mtu ana furaha, keki ipo, chai ipo, na Fundi angeweza kucheka nao nusu sekunde nyuma yao kama kawaida. Bi Mkunga alimtazama kutoka mlango wa jikoni. Hakumtikisia kichwa wala hakumkonyeza, alimwachia mwenyewe.

Fundi akasimama. "Niletee hiyo karatasi, mwanangu."

Akaipokea. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaisoma kwa sauti, polepole, mstari wa kwanza hadi wa tano. Kwenye "kifuniko" alikwama, akatulia, likatoka. Watu walianza kucheka, halafu wakaacha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisoma na hakuna aliyekuwa amelitambua hilo mpaka dakika ile.

"Huu haukuwa utani," alisema. "Nilinakili kwa sababu sikujua kusoma. Hata la viatu halikuwa utani. La darasa pia, mwalimu, ni a yako. Nimejifunza mwaka huu. Mke wangu amenifundisha pale jikoni."

Mwenye duka la viatu aliiegemeza fimbo yake taratibu. Mwalimu aliandika a kiganjani kwa kidole, akaifunga juu. Binti alikuwa amesimama palepale na bahasha tupu, akilitazama bango la kijani kupitia mlango wa jikoni, kama anayeliona leo.

"Kwa hiyo zile barua zangu," alisema.

"Zile barua nimezisoma mwezi wa saba." Fundi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Majibu yake haya hapa."

Binti aliipokea na kuifungua. Alisoma neno la kwanza, la pili, halafu akashindwa. Machozi yalikuwa yanadondokea karatasi naye anaikinga kwa kiganja isilowe. Akamrudishia.

"Nisomee wewe, Baba."

Fundi aliitazama mikono yake pande zote mbili, kwa mazoea.

"Haina rangi," alisema, kisha akaanza kusoma.

"MWANANGU. BARUA YAKO NILIIPATA. NIMECHELEWA KUJIBU MIAKA ISHIRINI NA MOJA. SIKUKUKASIRIKIA HATA SIKU MOJA. WEWE ULILIA STENDI MIMI NIKALIA KARAKANA. NILIKUWA NAJUA KUCHORA TU SIJUI KUANDIKA. GODORO NILITAKA KUKULETEA NENE MAMA YAKO AKASEMA SHULE HAWAKUBALI. NAKUPENDA TANGU MAMA YAKO ALIPONIPA NIKUSHIKE NA MIKONO INA RANGI. NIJIBU TAFADHALI. BABA YAKO."

Hakuna aliyecheka. Binti alimgeukia mama yake, akamwomba kalamu.